Ssere, utomvu wa kiryowa na panga la miwa: je, majani hukata damu kweli?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa kikosi cha wakata miwa huku Masindi, Uganda. Msimu wa kukata ukianza, ni nadra wiki iishe bila mtu kujikata panga, mara nyingi kwenye muundi au kidole cha mkono wa kushoto. Mama anayetupikia hutafuna majani ya gugu la ssere akayabandika kwenye jeraha. Likiwa kubwa, huvunja tawi la mti wa kiryowa akadondoshea utomvu. Damu hukata, tumeona kwa macho. Lakini nesi wa kituo cha afya ametufokea, eti huo ni ushamba. Nani yuko sahihi? Na je, nipande miti hiyo kambini?"

Marahaba, ndugu yangu. Mama wa jikoni ana haki yake na nesi ana haki yake, ila wanazungumzia mambo mawili tofauti. Mama anajibu swali la "damu imekata?" Nesi anawaza kitakachompata huyo kijana siku ya nane. Nitaanza na la mama, maana ndilo uliloliuliza.

Mtu akijikata, mwili haukai kungoja jani. Mshipa uliokatwa hujibana wenyewe mara moja. Chembe sahani, yaani vipande vidogo sana vinavyozunguka ndani ya damu, hunasa pale palipochanika na kushikamana. Kisha protini za damu huamshana moja baada ya nyingine hadi zikatengeneza nyuzi za fibrini zinazofunga tundu. Kwa mtu mwenye afya, mkato mdogo wa ngozi huacha kutoa damu kabla ya dakika 10 hata kama amekaa tu chini ya mti akipiga soga. Kwa hiyo chochote utakachobandika ndani ya dakika hizo, kiwe ssere, sukari, majani ya chai au karatasi ya gazeti, kitapewa sifa ya kukata damu.

Sasa mtazame vizuri huyo mama siku nyingine. Anatafuna majani, anayaweka, halafu anafanya nini? Anakandamiza. Kidole gumba chake kinabaki juu ya jeraha, pengine amemshika kijana mguu na kumwambia atulie. Huko kukandamiza ndiko tiba ya kwanza ya jeraha linalotoka damu katika kila mafunzo ya huduma ya kwanza duniani, na hakuna dawa ya mmea inayokaribia nguvu yake. Mshipa ukibanwa, damu inapungua kasi na nyuzi zinapata nafasi ya kushika bila kusombwa. Nikiambiwa nichague kati ya ssere lisilokandamizwa na kitambaa safi kilichokandamizwa, sihitaji kufikiri.

Hiyo haina maana kwamba jani halifanyi kitu. Ssere, ambalo Waswahili wengi hulijua kama kishona nguo kwa zile mbegu zake nyeusi zinazonasa kwenye suruali, ni gugu lililotoka bara la Amerika likaenea Afrika nzima. Ukilisaga viganjani hutoa maji ya kijani iliyoiva yenye harufu kali, na ukiyaonja ulimi unashikwa na ukakasi. Ukakasi huo ni tanini, na tanini ndiyo hoja ya kwanza ya kisayansi kwa upande wa mama yako. Tanini hushikamana na protini na kuzigandamanisha. Ikigusa nyama iliyo wazi hukaza tabaka la juu na kubana vijishipa vidogo. Ndiyo sababu majani ya chai, maganda ya komamanga na utomvu wa mgomba hutajwa kama vikata damu kwa watu ambao hawajawahi hata kukutana. Zaidi ya tanini, ssere lina flavonoidi, na lina kemikali za jamii ya poliasetilini ambazo maabara imeonyesha huua baadhi ya bakteria.

Watafiti wa hapa Uganda walilipima ssere pamoja na mujaaja, mmea wa jamii ya mrehani, kwenye majeraha ya panya, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011. Majeraha yaliyopakwa dawa hizo yalipona haraka kuliko yaliyoachwa. Nayaheshimu matokeo hayo, lakini yasome kama mfamasia anavyoyasoma. Kilichopakwa kilikuwa dondoo lililotolewa kwa spiriti, likakaushwa na kupimwa kwa mizani. Jeraha lilikatwa kwa makusudi, kwa kisu safi, kwenye ngozi iliyonyolewa. Huwezi kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye jani lililochumwa pembezoni mwa shamba la miwa na kutafunwa, likabandikwa kwenye muundi wenye tope. Isitoshe, kuponya jeraha ndani ya wiki mbili si sawa na kukata damu ndani ya dakika tano.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata watu wa maabara. Ukichukua damu kwenye kichupa ukatia maji ya mmea wenye tanini nyingi, utaona mabonge. Mtu mwenye haraka ataandika "imeganda". Kumbe tanini imezishikamanisha tu protini zikatuama, na nyuzi za fibrini hazimo kabisa. Bonge la namna hiyo haliwezi kuziba mshipa unaosukuma. Mtafiti makini lazima aonyeshe kwamba kilichotokea ni kuganda kwa kweli. Tafiti nyingi za mimea zinazosambazwa kwenye simu huishia kwenye kichupa, na ndiyo maana ukiambiwa "sayansi imethibitisha" uulize imethibitisha kwa nani: kwa kichupa, kwa panya, au kwa mtu?

Mgomba umefika hatua ya mnyama. Watafiti wa Ghana walichapisha mwaka 2011 kwamba maji yaliyokamuliwa kwenye shina lake yalipunguza muda wa kutoka damu kwa simbilisi. Kwa nchi kama yetu, ambako mgomba upo hatua chache kutoka kila mlango, hilo si jambo la kupuuzwa. Lakini bado ni simbilisi.

Sasa kiryowa, na hapa naomba usome taratibu.

Kiryowa ni mbono kaburi, mti uleule ambao wakulima wa vanila wa Mukono na Kayunga huupanda ili vanila itambae juu yake. Ukivunja kikonyo cha jani, utomvu hutoka kama maji, na ukiusugua kidogo hufanya povu. Watoto huupuliza ukatoa mapovu kama ya sabuni. Ukikauka kwenye ngozi huacha utando wa kahawia unaong'aa. Wanaoutumia kwenye majeraha wako kila mahali kuanzia Nigeria hadi kwetu, na wengi wana hakika nao.

Mwaka 2003 watafiti wa Nigeria waliujaribu utomvu huo kwenye damu ya binadamu, ndani ya vyombo vya maabara. Utomvu mzima, kama unavyodondoka mtini, ulifupisha muda wa damu kuganda. Sawa, mama ameshinda. Kisha wakauongezea maji. Damu ikaanza kuchelewa kuganda. Wakauzimua zaidi, na damu haikuganda kabisa.

Utomvu ni uleule na damu ni ileile, ila kipimo kilipobadilika na kazi iligeuka kinyume. Ndani ya utomvu huo kuna vitu zaidi ya kimoja, na kimoja kikizidiwa kingine kinatawala. Sasa fikiria jeraha lenyewe kambini kwenu. Kijana ameoshwa kwa maji ya jerikeni, damu inatiririka, jasho linachuruzika, na mama anadondosha matone mawili matatu. Utomvu uliofika ndani ya jeraha umezimuliwa kiasi gani? Hakuna anayejua, na yeye mwenyewe hawezi kujua. Kwenye mkato mdogo halitakuwa jambo kubwa, mwili utamaliza kazi. Kwenye jeraha kubwa, ambalo ndilo analoliwekea kiryowa kwa mujibu wa barua yako, ndipo damu ni nyingi na kuzimuliwa ni kukubwa. Yaani mama anautumia mti huo hasa pale usipopaswa kutumika. Kwa hili niko upande wa nesi bila kusita.

Mwenzake anayetajwa sana kwetu ni namirembe, lile gugu lenye vishada vya maua ya zambarau au meupe. Kwenye mkato wa kidole sina ugomvi nalo. Lakini wapo wanaolichemsha na kumnywesha mgonjwa "ili damu ikate kwa ndani". Hapana. Lina kemikali ziitwazo alkaloidi za pirolizidini ambazo huharibu ini. Kaskazini mwa Ethiopia mbegu za gugu hili zilichanganyika na nafaka za wanakijiji, na watu wakaugua ini.

Na papai? Najua kuna atakayeuliza, maana utomvu wa papai bichi hutumika kwenye vidonda, na nchini Gambia hospitali imewahi kutumia papai lililopondwa kwenye vidonda vya moto vya watoto. Pale kazi yake ni kumeng'enya nyama iliyokufa. Kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu huo kinakula protini, na bonge la damu ni protini. Dawa ya kidonda cha wiki tatu kinachonuka haifai kwa jeraha la dakika tatu linalochuruzika. Watu huziweka zote kwenye kapu moja la "dawa za vidonda", na huko ndiko madhara mengi huanzia.

Hujataja udongo, majivu wala kinyesi cha ng'ombe, lakini kwenye mashamba ya miwa nimeviona, kwa hiyo siviruki. Kwa udongo kuna ukweli wa ajabu kidogo: kaolini, yaani udongo mweupe wa mfinyanzi, huamsha moja ya protini zinazoanzisha kuganda kwa damu, na majeshi ya Marekani hubeba shashi iliyopakwa kaolini kwa ajili ya majeraha ya vitani. Aliyetia udongo kwenye jeraha miaka mia iliyopita hakuwa mjinga. Tofauti ni kwamba shashi ya askari imetakaswa vijidudu, na udongo wa shambani una mbegu za pepopunda. Mbegu hizo huishi udongoni miaka, na hujaa kwenye kinyesi cha wanyama. Zikifukiwa ndani ya nyama isiyopata hewa zinachipua na kutoa sumu, na dalili huja kati ya siku 3 na 21, kwa kawaida kama siku ya 8. Ndiyo hiyo siku ya nane ya nesi. Taya linakaza, mgongo unapinda, na mgonjwa ana akili zake timamu muda wote. Damu ilikata zamani, jeraha lenyewe pengine limeshafunga.

Uganda ilitangazwa mwaka 2011 kwamba imetokomeza pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga, na hiyo ni kwa sababu mama mjamzito huchomwa chanjo kliniki. Mwanaume haendi kliniki ya wajawazito. Kijana wa miaka 25 anayekata miwa anaweza kuwa hajachomwa tangu utotoni, kama alichomwa. Tulikumbushwa hilo wakati wa kampeni za tohara, pale wanaume kadhaa walipopata pepopunda baada ya kutahiriwa, ndipo suala la kuchanja kabla ya tohara likachukuliwa kwa uzito. Kikosi chako chote ni wanaume, na wana panga mkononi kutwa.

Turudi kwenye kutafuna. Kama kuna neno moja la kumwambia mama leo jioni, ni kwamba asitafune. Mdomo wa binadamu, hata ukisuguliwa kila asubuhi, una bakteria wanaopenda sana nyama iliyokatwa. Daktari anaogopa jeraha la kuumwa na mtu kuliko watu wanavyodhani. Na fizi zikiwa zinatoka damu kidogo, homa ya ini aina ya B ina njia ya kupita, kwake au kwa kijana. Ugonjwa huo umeenea zaidi kaskazini mwa nchi, na wakata miwa wengi wa Masindi wanatoka huko. Kama ni lazima jani litumike, lioshwe kwa maji safi, lisagwe kwenye chombo kilichooshwa kwa sabuni.

Mikono yake pia ilindwe. Masindi ni mojawapo ya wilaya zilizoguswa na Ebola ya mwaka 2000 hadi 2001, ile iliyoanzia Gulu ikaua watu 224. Ilipozuka tena Mubende mwaka 2022, Rais aliwaagiza waganga wa kienyeji wasimamishe kupokea wagonjwa. Sisemi kila aliyejikata panga ana Ebola, ila damu ya mtu mwingine haishikwi kwa mkono mtupu. Glavu zikikosekana, kavera (mfuko wa plastiki) safi iliyovishwa mkononi inatosha kwa dharura.

Basi mtu akijikata kesho, mfanye hivi. Mkalisheni au mlazeni, mchukue kitambaa kilichofuliwa au shashi, mkikunje kizito, mkikandamize juu ya jeraha kwa kiganja, kwa nguvu, dakika 10 kamili kwa kutazama saa. Msikiinue kuchungulia, maana kila mkichungulia mnang'oa bonge lililoanza kushika. Kikilowa, ongezeni kingine juu yake bila kuondoa cha kwanza. Mguu au mkono uinuliwe. Damu ikikata na jeraha ni dogo, osheni kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, funikeni. Hapo mama akitaka kuweka ssere lake safi kwenye mkwaruzo, simzuii. Kwenye jeraha la kina, linaloonyesha nyama au mafuta, msiweke jani lolote. Mpelekeni kituoni siku hiyohiyo, kwa sababu jeraha lililochelewa na kujaa vipande vya majani nesi huogopa kulishona, na ana haki ya kuogopa. Nadhani hasira zake zilianzia hapo, kwenye kuokota ssere lililotafunwa ndani ya jeraha kwa koleo huku foleni ikimsubiri.

Damu ikiruka kwa mapigo, hiyo ni ateri. Kandamizeni bila kuachia na mtafute boda au gari mara moja. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na ateri kubwa ya mguu inaweza kuimaliza ndani ya dakika chache. Ikishindikana kabisa kwa kukandamiza, fungeni ukanda mpana juu ya jeraha, upana wa vidole vinne kutoka lilipo, ukazwe kwa kijiti hadi damu ikome, na muandike saa mliyofunga. Aondoe mganga wa hospitali, si nyinyi. Huko hospitali kuna dawa iitwayo asidi ya traneksamiki. Mwaka 2010 ilichapishwa kwamba imejaribiwa kwa watu zaidi ya 20,000 waliojeruhiwa, katika nchi 40, ikapunguza vifo, na uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ukaonyesha kwamba inapaswa kutolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia. Ndiyo maana sitaki muda huo upotee mkitafuta mti wa kiryowa.

Usinielewe kwamba mimea haiwezi kufika mbali. Nchini Uturuki kuna dawa ya kukata damu iliyotengenezwa kwa mimea mitano ya tiba za jadi, imesajiliwa, na madaktari wa meno huitumia. Wachina wana unga wao wa Yunnan tangu mwaka 1902. Dawa hizo zilitoka kwa watu kama mama yenu, kisha zikapita kwa wapimaji waliosema kipimo ni hiki, isafishwe hivi, isiwekwe pale. Uganda ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2019, na pale Wandegeya, Kampala, ipo taasisi ya Wizara ya Afya inayochunguza dawa za mimea. Mama akiwa na hamu, anaweza kuwapelekea mmea wake na maelezo ya anavyoutumia. Wala asione haya, hiyo ndiyo kazi yao.

Kuhusu kupanda: ssere halihitaji kupandwa, ukiligeuzia mgongo limeota. Kiryowa usipande kambini kwenye watoto. Mbegu zake ni tamu mdomoni na ni sumu, mtoto akila chache tu anatapika na kuharisha hadi kuishiwa maji. Fedha ya miche nunulia shashi, bandeji pana, glavu na sabuni, viwekwe kwenye kopo lenye kifuniko ambalo mama ndiye atalishika, kwa kuwa ndiye anayekimbiliwa na ana mkono mtulivu. Kisha nenda kwa nesi, muombe siku ya kuchanja kikosi kizima pepopunda kabla msimu haujaanza. Mwambie umekuja na orodha ya majina, na uwe nayo kweli.